Ugali Uliolala Chini ya Kawa

Temeke, jioni, kesho unasafiri

Mwanangu Zuhura,

Ukifika huko Morogoro wakakuuliza umelelewa na nani, usijikunje. Waambie umelelewa na mtu aliyefungua milango ya nchi hii. Wapo watakaobisha, waseme milango ilifunguliwa na wakubwa kwa sahihi na hotuba. Sawa, wao walitia sahihi. Lakini kontena la kwanza la mitumba na redio kaseti liliposhushwa bandarini Kurasini, lakiri iliyofunga mlango wake ikagoma kukatika, mabosi wakasimama wanatazamana, nani aliitwa? Aliitwa Shomari. Nilipiga mtaimbo pigo moja tu, mlango ukaachia, na tangu siku ile nchi haijakosa sabuni. Ushahidi unao mwenyewe: kabla yangu watu walipanga foleni ya sabuni, baada yangu zimejaa mpaka kwenye vibanda vya uani.

Basi mtu huyo ndiye anayekuandikia, amekaa kwenye kigoda cha marehemu bibi yako, mgongo unamuuma, na kalamu yenyewe lazima aipumulie ndiyo itoe wino. Wewe umekwenda Mbagala kumuaga shangazi yako. Umeme umekatika tena. Jua bado lipo, na nataka nimalize kabla halijazama, maana macho yangu nayo siku hizi yanafunga ofisi mapema. Nimechoka, mwanangu. Si uchovu wa leo. Ni wa mizigo yote niliyowahi kuibeba, umekuja kudai kwa pamoja.

Habari za kufunga sanduku, na ukae upande gani wa basi, na usinunue mahindi ya kuchoma dirishani, shangazi yako atakuwa ameshakumalizia zote. Mie nataka kukuandikia habari za tumbo. Najua utacheka. Wazazi wengine huwaandikia watoto wao habari za heshima na dini. Lakini lililotaka kukuzuia usiende chuo si heshima wala dini, ni tumbo, tena langu.

Unakumbuka wiki iliyopita, uko pale mlangoni unachambua mchicha, hata hukuniangalia.

"Mjomba, mie naona niahirishe."

"Uahirishe nini?"

"Chuo. Niende mwakani."

"Mwakani kuna nini?"

"Sasa nikikuacha peke yako utakula nini? Siku mbili tu utarudi kwenye mikate na vidonge vya rangi mbili."

"Mie? Zuhura, mie nilipikia meli nzima ya Wagiriki!"

"Lini?"

"Hujazaliwa."

"Uliwapikia nini?"

"Ugali. Wakaulilia."

"Wagiriki waliulilia ugali, Mjomba?"

"Nahodha alitaka kunichukua anioze kwao. Nikamwambia nina mama."

Ukacheka mpaka mchicha ukamwagika. Kesho yake ukaenda kukata tiketi. Nami nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, nikatazama ukuta.

Ngoja nianze nyuma kidogo, kwa sababu wewe unayakumbuka kwa utoto na mie nayakumbuka kwa aibu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Ulipoletwa kwangu, dada yangu akiwa hatunaye tena, ulikuwa unanifika kiunoni na meno ya mbele huna. Serikali ya nyumba hii ilikuwa bibi yako. Kila jioni alisonga ugali wa dona mkubwa kuliko tulioweza kuumaliza, na alifanya makusudi. Uliobaki aliuweka kwenye sahani ya bati, akaufunika kwa kawa lake la ukindu, akaupandisha juu ya kabati mbali na paka wa jirani. Asubuhi alikukatia kipande cha baridi, kigumu, ukala na maharage yaliyopashwa moto. Siku nyingine ulikuwa muhogo uliochemshwa jana. Ulikula, ukafunga madaftari yako kwa mpira, ukaenda shule. Sikumbuki asubuhi hata moja bibi yako akiuliza tumbo la Zuhura lina nini. Tumbo lako lilikuwa halina habari.

Kisha nikapandishwa cheo, nikawa nyapara wa makuli. Nyapara, Zuhura! Watu walikuwa wakiniona natokea kwenye geti la yadi wanazima sigara. Maduka nayo yakaanza kujaa, na mie nikaanza kurudi nyumbani na mkate uliokatwa tayari, umevalishwa nailoni, mweupe kama pamba ya hospitali. Sembe badala ya dona. Siagi ya kopo. Na jioni moja, nimesimama katikati ya ukumbi bado nimevaa kofia ya kazi, nikatangaza:

"Kuanzia leo kiporo marufuku ndani ya nyumba hii."

Bibi yako alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Marufuku ya nani?"

"Yangu."

"Na wewe umekuwa nani?"

"Nyapara, mama."

"Wa makuli, au wa sahani zangu?"

"Majirani watasemaje? Mtu wa bandari, mpwa wake anatafuna ugali wa jana kama yuko mahabusu!"

"Wee Shomari, umekua kwa kiporo hichohicho. Hicho kichwa unachokitikisa hapo kimetoka humo."

"Ndiyo maana nataka cha huyu mtoto kitoke kwenye mkate."

Wewe ulikuwa umekaa mkekani, ukatutazama mmoja mmoja, halafu ukautazama mkate. Mtoto ni mtoto. Ulichagua mkate. Bibi yako akalikung'uta kawa vumbi, akalitundika msumarini nyuma ya mlango, na hakulizungumza tena. Nilidhani nimeshinda.

Sisemi mkate ni sumu. Hata mwenyewe umenikataza kusema hivyo. Ila tumbo lako likaanza visa. Mara linafunga, mara linafungua kama bomba la mtaa. Mie mtu wa dunia, nikapange foleni ya zahanati? Maduka ya dawa yalikuwa yameanza kuota kila kona, na mwenye duka hakuulizi cheti wala umri wa mgonjwa. Nikanunua vile vidonge vya rangi mbili, nusu nyekundu nusu njano. Tumbo likatulia, likarudi. Nikanunua tena. Ikafika mahali mwenye duka anafungua kopo kabla sijamaliza kumsalimia. Na kijiweni nikawa natoa ushauri! Mtu akisema anaumwa kichwa, rangi mbili. Goti, rangi mbili. Kuna mmoja nilimpa ya mbuzi wake.

Wewe ukakonda. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ukafanyika wenzako wakiwa darasani, wewe uko kwenye mkeka, magoti kifuani. Nikaja na maji na kidonge. Ukasema, "Mjomba, nakuomba usinipe tena." Sauti yako ilikuwa ndogo mno. Nikakupa.

Hilo ndilo ninalolirudia ninapokaa peke yangu. Sikukupa kwa ubaya, unajua. Nilikupa kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba ninajua. Mtu akishasema anajua, kurudi nyuma ni kazi nzito kuliko kubeba gunia. Kama kuna kitu naweza kukupa cha kwenda nacho, ni hicho: chuoni watakufundisha mengi, na siku moja utayasema mbele za watu, na baadaye utagundua moja halikuwa hivyo. Siku hiyo usiwe mimi.

Bibi yako hakuniomba ruhusa. Alikutia kanga begani akakupeleka zahanati, nami nikawakuta huko nimekimbia na kofia yangu. Daktari alikuwa kijana, amechoka kama mimi leo.

"Nani amekuwa akimpa hizi?"

Ukasema, "Mjomba."

"Mjomba ni daktari?"

"Anasema ni zaidi."

Bibi yako akajifunika mdomo kwa kanga. Daktari akapima, akatibu kilichoonekana, akasema mambo ya rangi mbili yaishe, na mtoto arudi kwenye chakula chenu cha kawaida. Asubuhi moja baada ya hapo nilikuta msumari wa nyuma ya mlango uko mtupu. Kawa limerudi juu ya kabati.

Wewe ukapona, ukarudi kusoma, ukapita. Mie je? Mie niliendelea na mkate wangu kwa ubishi. Sikutaka ionekane nimeshindwa na sahani. Tumbo langu likawa gumu kama yadi ya zege. Nilikuwa nakaa chooni mpaka wapangaji wanagonga mlango, "Mzee Shomari, umehamia?" Na kwa siri nikawa nameza zilezile rangi mbili nilizokatazwa kukupa wewe. Ndipo ukarudi likizo kutoka kidato cha sita, ukanikuta nazo mfukoni mwa shati, ukakaa mbele yangu na kitabu chako cha baolojia. Nilijua napigwa. Badala yake ukaniuliza, "Mjomba, kontena likishuka melini linakwenda wapi?"

Ulijua kuongea na mie. Sijawahi kukwambia kwamba siku ile nilielewa kitu kwa mara ya kwanza tangu niache shule darasa la nne. Ngoja nikiseme tena kwa maneno yangu, uone kama sijapoteza.

Chakula chetu, ugali, wali, muhogo, ndizi, ndani yake kuna wanga, na wanga ni mzigo. Mwingi unafunguliwa mapema, pale kwenye utumbo mwembamba. Mwili wenyewe una vifaa vyake vya kuukatakata uwe sukari, ukaingia kwenye damu, ukaondoka. Hiyo ni mizigo inayopita getini upesi. Mkate mweupe wa moto ni wa namna hiyo, haukai. Lakini kuna wanga mgumu, uliofungwa vizuri. Upo kwenye maharage, kwenye ndizi mbichi, kwenye dona. Na hata ule laini, ukishapikwa ukaachwa upoe, nyuzi zake zinajikunja na kufungamana upya, sehemu yake inagoma kufunguka. Huo getini hawauwezi. Unapita na lakiri yake mpaka yadi ya nyuma, kwenye utumbo mpana.

Nikakuuliza, "Na huko nyuma kuna nani?"

Ukasema, "Makuli."

Hapo nilikaa vizuri. Bakteria! Mie bakteria nilidhani wote ni wezi. Ukasema hapana, wengi wao ni wenyeji, wameajiriwa. Kuna wachache wenye mtaimbo, wanaojua kuung'ang'ania ule wanga mgumu na kuukata lakiri. Hao wasipokuwepo, wengine wote wanashika tama, mzigo wanauona na hawawezi kuufungua. Wakishaufungua, sukari inamwagika, wa pili wanaokota, wanachokiacha wa pili kinaliwa na wa tatu. Hakuna anayekula peke yake. Na katika kula kwao wanatoa asidi fulani, si ya kuunguza, ya kulisha, na ukuta wenyewe wa utumbo unaishi kwa hiyo. Yaani, Zuhura, ghala linalishwa na makuli wake! Tangu nianze kazi Kurasini sijaona jambo la haki namna hiyo.

"Sasa rangi mbili inafanya nini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Ni kama umeona mwizi mmoja yadini, ukafukuza wafanyakazi wote."

Nilikuwa nakuona wewe kwenye ule mkeka.

Halafu nikakwambia, makuli wakikosa mzigo siku nyingi, nawajua, wataanza kung'oa mbao za ghala wauze. Ukacheka ukasema, "Hilo sijalisoma, Mjomba, lakini halijakaa vibaya." Ukifika huko waulize walimu wako. Kama ni kweli, waambie limetoka Temeke.

Jioni ile bibi yako alisonga ugali mkubwa, na asubuhi nikakatiwa kipande. Na maharage. Nikayashambulia kama mtu aliyetoka kifungoni. Ulinionya, "Mjomba, kidogo kidogo, makuli wako wamekaa bila kazi muda mrefu, ukiwashushia meli nzima watafanya fujo." Nani alisikiliza? Siku hiyo tulikuwa na kikao na mawakala wa forodha, wamevaa tai, kwenye kile chumba chenye feni moja. Nisikuchoshe. Nitasema tu kwamba feni ilizimika yenyewe, na wakala mmoja alitia sahihi karatasi bila kuisoma ili atoke nje. Yadi nzima wanalijua jambo hilo mpaka leo, ila wanalisimulia vibaya.

Nikapunguza. Nikaongeza taratibu. Tumbo likaanza kujibu. Sikurudi kuwa kijana, mgongo hausikii habari za wanga, lakini wapangaji waliacha kunigongea mlango. Na rangi mbili sijaigusa. Hilo ni kweli, wala sijaliongezea chumvi.

Bibi yako alipoondoka, nilijua kawa litarudi msumarini. Ulikuja na nguo zako za msiba bado hujabadilisha, ukaingia jikoni, na asubuhi yake nikakuta sahani iko juu ya kabati, imefunikwa. Ikawa hivyo kila siku tangu hapo. Ulikuwa umeshamaliza kidato cha sita, ukasubiri matokeo yako, na kila jioni ukasonga ugali mkubwa kuliko wa kututosha sisi wawili. Mie nikawa nakula asubuhi, nasema "chumvi imepungua," natoka. Chumvi haikuwahi kupungua. Nilikuwa sijui mtu anasemaje.

Ndiyo maana ulipotaka kuahirisha kwa ajili yangu niliogopa kuliko nilivyoogopa siku winchi ilipokatika juu ya kichwa changu, ikabidi niidake. Nilishakunyima mtihani mmoja kwa kidonge. Sitaki kukunyima chuo kwa ugali. Ukikaa mwaka huu kwa sababu yangu, mwakani kutakuwa na sababu nyingine, mgongo, macho, na utazeeka mlangoni unachambua mchicha. Nimewaona watu wakizeeka hivyo. Nenda. Unakwenda kusomea chakula, mtoto wa nyumba iliyopigwa marufuku chakula chake na mjinga mwenye kofia.

Na huko bwenini, kama utaficha kipande cha ugali wa jana ukakutwa nacho, wasichana wa kitajiri wa Mbezi Beach wakakucheka, waache wacheke. Mie nilicheka kabla yao, na ninajua kicheko hicho kinatoka wapi. Kinatoka kwa mtu anayeogopa asionekane alikotoka.

Nilitaka nimalizie hapo, pamekaa vizuri. Lakini jua limefika kwenye paa la jirani, na kuna jambo dogo limebaki.

Jana ulikuta sufuria limelowekwa uani, nikakwambia paka wa jirani kamwaga uji. Yule paka alishakufa, Zuhura, na wewe ndiye uliyemzika. Nilikuwa najaribu. Nilisubiri uende dukani, nikawasha jiko, nikatia unga. Ukawa mabonge, juu maji, chini umeungua, katikati unga mkavu kama nilivyoutoa kwenye mfuko. Nikawamwagia kuku. Wakanusa, wakaenda zao.

Wagiriki sikuwapikia. Meli yao niliipanda mara moja, kupeleka magunia ya vitunguu, na mpishi wao akanifukuza jikoni kwa mwiko. Sijawahi kusonga ugali maishani mwangu. Nimetoka mikononi mwa mama nikaingia mikononi mwako, na katikati nilikuwa nasema tu.

Usiahirishe. Nakuomba. Basi lako haliondoki alfajiri, muda upo. Barua hii naiweka juu ya kabati, chini ya kawa, pembeni ya sahani, kwa sababu najua mkono utakaolifunua ni wako. Ukimaliza kusoma usicheke kwa nguvu, wapangaji watataka kujua. Njoo uniamshe. Washa jiko, nishikishe mwiko, halafu uniambie polepole, kama ulivyoniambia yale ya kontena: unga unatiwa maji yakishachemka, au kabla?

Mjomba wako,
Shomari